Nani Ameagiza Filamu Hii?

Mchonga mawe wa Tabaka haanzi na jiwe, anaanza na oda. Dalali hufika na habari kwamba mnunuzi wa Nairobi, au wa ng'ambo, anataka twiga wa urefu wa kiganja, au sahani zenye michoro ya samaki, au seti za sataranji. Hapo ndipo jiwe la sabuni linapotolewa shimoni. Likiwa bado na unyevu hukatwa kwa panga, likapewa umbo kwa kisu na patasi, kisha kina mama wakaketi kando ya karai la maji wakilisugua kwa msasa, mkwaruzo baada ya mkwaruzo, mpaka rangi yake ya waridi au ya kijivu ijitokeze. Twiga na ndovu hawaonekani katika vilima vya Mugirango Kusini, huku Gusii, nchi ya migomba na miwa. Wapo kwenye rafu za Tabaka kwa sababu mtu aliye mbali anadhani Afrika inafanana nao.

Ukitaka kujua twiga huyo alichongwa lini na kwa nini, usimwangalie twiga. Muulize aliyeagiza. Miongoni mwa wachongaji wa Tabaka wamekuwapo waliokataa kungoja oda na wakachonga walichokiona wenyewe. Elkana Ong'esa ndiye anayejulikana zaidi kati yao, na sanamu yake ya ndege imesimama kwenye makao makuu ya UNESCO jijini Paris. Lakini mikono mingi huenda inakoamriwa na soko, na hakuna anayepaswa kuilaumu, maana karo ya shule haingoji.

Nimeanza na Tabaka kwa sababu sura hii inahusu filamu za historia, na nadhani mchongaji wa mawe anazielewa kuliko wengi wanaoziandikia uhakiki. Filamu ya historia hutuambia kuwa inasimulia mwaka 1952, au 1908, au 1964. Kwa kweli hubeba ugomvi wa mwaka ilipoagizwa. Mavazi ni ya jana, lakini aliyekasirika ni mtu wa leo.

Tuchukue filamu ambayo Wakenya wengi wameiona au wameisikia, The First Grader. Januari 2003 serikali mpya ya Mwai Kibaki ilifuta karo katika shule za msingi. Mwaka uliofuata mzee wa miaka 84, Kimani Maruge, aliyewahi kupigana upande wa Mau Mau, alijitokeza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiyo mjini Eldoret akitaka kuandikishwa darasa la kwanza. Akavaa kaptula na soksi ndefu, akaketi na watoto, akajifunza kusoma. Septemba 2005 alisafiri hadi New York kuuhutubia Umoja wa Mataifa kuhusu elimu ya bure. Kisa hiki ni cha kweli, na hata kikisimuliwa bila kuongezwa chumvi kinagusa moyo.

Filamu ilitoka mwaka 2010. Mwelekezi wake ni Mwingereza, Justin Chadwick, na Maruge anaigizwa na Oliver Litondo, ambaye Wakenya wa umri fulani wanamkumbuka akiwasomea habari kwenye televisheni. Sasa sikiliza majina. Mzee anaitwa Maruge, Mkikuyu. Ofisa wa elimu anayempinga anaitwa Kipruto, jina la Mkalenjin. Na kati yao amesimama mwalimu mkuu anayemtetea mzee, Jane Obinchu, mwalimu halisi wa Kapkenduiyo ambaye filamu ililihifadhi jina lake.

Mtazamaji wa London huyapita majina hayo kama anavyopita milima iliyo nyuma ya waigizaji. Kijana wa Tabaka aliyebanana na wenzake kwenye benchi la kibanda cha video hawezi kuyapita. Kwake Obinchu ni jina la nyumbani, jina ambalo huenda liko kwenye rejista ya darasa lake. Kwa sekunde chache anajaliwa fahari, maana mtu wa Gusii ndiye dhamiri ya filamu nzima. Halafu linakuja swali zito zaidi. Kwa nini Mgusii amewekwa katikati, kati ya Mkikuyu na Mkalenjin, mjini Eldoret?

Jibu halimo katika mwaka 2004. Limo katika Januari 2008. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 ghasia ziliikumba Eldoret, na Maruge mwenyewe aliporwa mali yake. Aliishi katika kambi ya waliofukuzwa makwao, akawa anatoka kambini kila siku kwenda shuleni, kisha akahamia Nairobi. Alifariki Agosti 2009, kabla filamu haijafika kwenye kioo. Waliokuwa wakiitengeneza walijua haya yote. Nchi ilikuwa imezika watu 1,133 kwa hesabu ya Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo. Kwa hiyo wanapotuonyesha majirani wakimchukia mzee kwa sababu ametoka kabila lingine, kalenda ya filamu inasema 2004, lakini hofu iliyo machoni pa waigizaji ni ya 2008. Msimuliaji asingeweza kuivua hofu hiyo hata angetaka.

Sisemi kwamba huo ni udanganyifu. Ninachosema ni kwamba hapo ndipo pa kuanzia kuisoma filamu ya aina hii, na hata kile inachokiacha kina tarehe yake. Kambi za mateso za wakati wa Hali ya Hatari zinaonyeshwa waziwazi, na uovu wa Mwingereza hauna shaka. Filamu ilipokuwa ikionyeshwa Uingereza katikati ya mwaka 2011, wazee wa Mau Mau walikuwa Mahakama Kuu ya London wakidai fidia, na Julai mwaka huo jaji akaamua kwamba kesi yao ina msingi wa kusikilizwa. Juni 2013 serikali ya Uingereza ikakubali kuwalipa wadai 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Mtazamaji wa Uingereza alihitaji kuonyeshwa yaliyotendwa na serikali yake, na aliyeagiza filamu alilijua hitaji hilo. Ila lililowagawa Wakikuyu wenyewe, yaani nani alikula kiapo cha Mau Mau na nani alikuwa Homugadi, mlinzi wa upande wa Mwingereza, na baada ya uhuru nani alipata shamba na nani alibaki kijijini mikono mitupu, hilo halikuwa kwenye oda. Lilisubiri filamu nyingine. Mwaka 2023 Meena Nanji na Zippy Kimundu walitoa Our Land, Our Freedom, waliyoipiga kwa miaka mingi wakifuatana na Wanjugu Kimathi, bintiye Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, katika kuutafuta mwili wa babake. Utafutaji wa kaburi unageuka kuwa utafutaji wa ardhi, na ghafla mshtakiwa si gavana aliyekwisha kufa. Ni serikali zote zilizofuata.

Ukirudi nyuma zaidi, oda inasomeka bila taabu. Mwaka 1955 Waingereza walitengeneza Simba, filamu kuhusu Mau Mau, na miaka miwili baadaye Hollywood ikatoa Something of Value, ambapo Rock Hudson anaigiza mtoto wa mlowezi na Sidney Poitier rafiki yake wa utotoni anayejiunga na Mau Mau. Dedan Kimathi alinyongwa tarehe 18 Februari mwaka huohuo wa 1957. Wamarekani walikuwa na ugomvi wao. Mahakama yao ya juu ilikuwa imepiga marufuku ubaguzi shuleni mwaka 1954, na watoto weusi walikuwa wakizuiwa milangoni. Filamu inauliza kama mtu mweupe na mtu mweusi waliokua pamoja wanaweza kubaki ndugu. Hilo ni swali la Alabama lililovalishwa nguo za Nyeri. Walowezi na mashamba waliyoyachukua wanabaki kuwa mandhari tu.

Kuna jambo moja kuhusu filamu hiyo ambalo mtu wa Gusii ana haki ya kulijua. Watengenezaji walimpiga picha Winston Churchill akisoma utangulizi wake, ingawa sehemu hiyo ilikuja kuondolewa. Churchill huyo, nusu karne kabla, alikuwa naibu waziri wa makoloni mjini London wakati ripoti za msafara wa kijeshi dhidi ya Abagusii zilipofika mezani pake. Mapema mwaka 1908 askari wa King's African Rifles walikuwa wakichoma nyumba, wakitwaa ng'ombe na kuua watu hapa Gusii. Hata yeye, ambaye hakuwa rafiki wa waliotawaliwa, aliandika kulalamika kwamba watu wasio na ulinzi wanauawa kwa wingi kupita kiasi. Mwaka 1957 hakuna mtu Hollywood aliyemwomba asimulie hayo. Hayakuhitajika.

Sehemu nyingine za Afrika Mashariki zina mifano yake, nami nitaitaja miwili kwa haraka. Mwaka 1981 Sharad Patel, Mkenya, alitoa filamu kuhusu Idi Amin, na Joseph Olita, Mkenya mwenzake, akaigiza dikteta huyo kwa namna isiyosahaulika. Kwa Waasia wa eneo hili jeraha la kufukuzwa kwao Uganda mwaka 1972 lilikuwa bado bichi. Ila kumbuka pia mwaka wenyewe. Ukatili wa rais wa jirani ungeweza kuonyeshwa Nairobi wakati ambapo kumgusa rais wa nyumbani kulikuwa hatari. Mwaka uliofuata serikali ya Kenya ilibomoa ukumbi wa wanakijiji wa Kamirithu kwa sababu ya mchezo wa kuigiza. Na Zanzibar kuna picha zilizopigwa kutoka angani wakati wa Mapinduzi ya Januari 1964, zikaingizwa katika filamu ya Waitaliano, Africa Addio, ya mwaka 1966. Zinaonyesha maiti na makaburi ya halaiki. Waliozitengeneza waliwatazama Waafrika kwa dharau, na filamu nzima imejaa sumu hiyo. Hata hivyo, picha zilezile huibuka Zanzibar siasa inapochemka. Huyu hutumia kipande hicho kusema Mapinduzi yalikuwa mauaji, yule hukikataa kwa kusema ni kazi ya maadui wa Mapinduzi. Kinachogombewa ni nani ana haki ya kuitawala Unguja sasa.

Filamu inayonigusa zaidi katika mjadala huu ni ya Judy Kibinge, Something Necessary, iliyotoka mwaka 2013. Anne ni muuguzi. Amezinduka hospitalini baada ya ghasia za 2008, mumewe ameuawa, mwanawe yuko katika hali mahututi, shamba lao limechomwa. Mahali pengine kuna kijana, Joseph, aliyekuwa katika kundi lililovamia shamba lile. Anne anataka kurudi na kujenga upya. Joseph anataka kitu ambacho hajui hata akiiteje, na anaanza kujikaribisha kwenye shamba lile kwa siri. Kibinge hampi mtazamaji raha ya kuona watu wawili wakikumbatiana na kufuta machozi. Anamwacha na mabati yaliyopinda na ukuta uliotiwa moshi, na mwanamke anayefagia majivu kwa sababu lazima mtu ayafagie.

Filamu ilionyeshwa Kenya mwaka ambao nchi iliambiwa ikubali na isonge mbele. Machi 2013 Uhuru Kenyatta na William Ruto, wote wawili wakiwa wameshtakiwa The Hague kwa ghasia zilezile, waligombea kwa tiketi moja na wakashinda. Viongozi wa Wakikuyu na Wakalenjin walikuwa wamepatana, na wapiga kura wao wakaambiwa yaliyopita si ndwele. Kibinge akaja na mwanamke ambaye hajapatana na mtu yeyote. Filamu yake inahusu 2008, lakini naiona kama jibu kwa jukwaa la kampeni la 2013, jibu lililotolewa kwa sauti ya chini na kwa ujasiri mkubwa. Upatanisho wa wakubwa haumrudishii Anne mume.

Watu wa Kisii na Nyamira wanaitazama filamu hiyo kwa jicho la pembeni kidogo, na nadhani wana haki. Mwaka 2008 moto haukuwaka Eldoret peke yake. Ulipita kwenye mpaka wa Borabu na Sotik, ambako Abagusii na Wakipsigis wamepakana, wameoana na wamepigana. Watu waliuawa, wakachomewa nyumba, wakatoroka pande zote mbili. Wazee wa Borabu hawakuhitaji kuelezwa, maana yalitokea pia mwanzoni mwa miaka ya tisini, siasa ya vyama vingi iliporudi. Katika simulizi ya taifa, hata hivyo, ghasia za 2008 zimekuwa ugomvi wa Wakikuyu na Wakalenjin, na filamu zimefuata njia hiyo. Mpaka wa Borabu ni tanbihi. Mjane wa Nyamira aliyechomewa nyumba akimtazama Anne anajiona, kisha anagundua kwamba kijiji chake hakimo kwenye ramani ya filamu. Sielewi kwa nini tunaliona hili kuwa dogo. Mtu ambaye maumivu yake hayajawahi kuonyeshwa hujifunza kuyaficha, na mpaka usiosimuliwa huwa rahisi kuwashwa tena.

Sasa tuseme mtu, kesho, apewe fedha za kutengeneza filamu ya Otenyo.

Kisa chenyewe kimekamilika utadhani kiliandikwa kwa ajili ya kioo. Januari 1908, Moraa, mwanamke mwenye sifa ya uganga na utabiri, anawachochea vijana wasiukubali utawala wa wageni. Otenyo Nyamaterere anamvizia G. A. S. Northcote, ofisa wa Kiingereza ambaye Abagusii walimwita Nyarigoti, na anamchoma mkuki mgongoni. Northcote anapona, na baadaye sana atakuwa gavana wa Hong Kong. Adhabu inaletwa juu ya watu wote. Otenyo anakamatwa na kuuawa. Wazee wanasimulia kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Uingereza, na viongozi wa Gusii wamekuwa wakidai kirudishwe.

Na papo hapo ugomvi wa leo ungeanza kuandika muswada. Otenyo alikuwa wa Kitutu. Abagusii wamegawanyika kwa koo, na hakuna uchaguzi wa gavana Kisii ambapo watu hawahesabu mgombea ni wa Kitutu, wa Bobasi, wa Nyaribari, wa Bomachoge au wa Mugirango. Je, shujaa wa filamu awe wa ukoo mmoja, au wa Abagusii wote? Filamu izinduliwe Kisii au Nyamira, kaunti mbili ambazo zimekuwa zikigombania mji wa Keroka, kila moja ikitaka kukusanya ushuru wa soko? Moraa awe ndiye shujaa mkuu, au abaki kuwa mwanamke anayemtia moyo mwanamume? Wasichana waliojaza barabara Juni 2024 kupinga Mswada wa Fedha, wakisema hawana kabila, wangekuwa na jibu lao, na silo ambalo wazee wa koo wangelitoa. Na nani alipe? Serikali ya kaunti ikilipa, mwanasiasa fulani ataonekana kwenye uzinduzi. Shirika la ng'ambo likilipa, Northcote atapewa dakika nyingi zaidi za kuonyesha dhamiri yake inavyomsumbua.

Hata hivyo, ningetaka filamu hiyo itengenezwe, na ningetaka itengenezwe na watu wa hapa. Vijana wa shule hupeleka filamu fupi kwenye tamasha la kitaifa la drama na filamu, na kamera ya simu imeshusha gharama ambayo zamani ilihitaji kibali cha Nairobi au pochi ya London. Wanaweza kusimulia bila kusubiri kuagizwa.

Lakini kuna uamuzi mmoja wasioweza kuukwepa, na hapo ndipo ningewatazama kwa makini. Wanajeshi waliochoma nyumba za Abagusii mwaka 1908 walikuwa na maofisa wazungu, lakini wao wenyewe walikuwa Waafrika. Mwelekezi atalazimika kuwapa sura, na akiwapa sura atalazimika kuwapa lugha. Askari akimfokea mama wa Gusii kwa Kinandi, filamu itatazamwa Sotik kwa namna moja. Akimfokea kwa Kinubi, au kwa Kijaluo, itatazamwa Kibera kwa namna nyingine, na Rongo, mwendo mfupi kutoka Tabaka, kwa namna nyingine tena. Akinyamazishwa, awe kivuli chenye bunduki kisicho na neno, basi tutakuwa tumeambiwa kwamba mwaka filamu hii ilipotengenezwa, majirani bado walikuwa wanaogopana kiasi cha kutoweza kutajana.